Lodwar hadi Marsabit ni kama saa moja kwa ndege. Sasa mbona kila mtu anazungushwa huku chini?

Kuna msee wangu tulianza naye chuo hapa Nairobi. Mimi niliachia mwaka wa pili, karo ikagoma. Yeye alikaza hadi mwisho, akatoka na karatasi ya afisa wa kliniki, akapata job Lodwar. Kwao ni Marsabit.

Mwaka jana simu yake ililia saa kumi na moja asubuhi. Alikuwa mjomba wake. Mama amefariki usiku.

Kwao ni Waislamu, na nyinyi mnajua venye mazishi ya Waislamu hayangoji. Hakuna mambo ya kuweka mwili mortuari wiki mbili mkipanga kamati na michango. Mama alikuwa azikwe siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Kwa hivyo msee wangu alikuwa na kama masaa kumi na moja kutoka Lodwar hadi Marsabit.

Ukiangalia ramani utasema hiyo ni rahisi. Turkana na Marsabit ni kaunti jirani, zinagawana Ziwa Turkana. Kutoka ng'ambo ya magharibi, siku kama haina vumbi, unaweza kuona Mlima Kulal ukiwa upande wa pili, na huo uko Marsabit. Ni kama kuona nyumba ya jirani dirishani.

Ndege ya Nairobi siku hiyo ilikuwa imejaa. Akaingia gari saa moja asubuhi. Kitale alifika saa nane mchana. Nakuru saa mbili usiku, akalala hapo juu hakukuwa na gari ya kwenda mbele. Kesho yake Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, kila mahali anashuka anaingia gari ingine. Marsabit alifika saa kumi na mbili jioni siku ya pili. Masaa thelathini na tano. Mama alikuwa amezikwa jana yake.

Kitu aliniambia kikanikaa ni hiki: "Pesa ya sanda na chakula nilituma na simu nikiwa bado Lodwar, ikafika hata kabla nivae viatu. Mimi ndio nilishindwa kufika."

Ndio nikakaa chini nikaanza kupiga hesabu. Hebu tuipige pamoja.

KILOMITA NI NGAPI KUSEMA UKWELI?

Usiogope, hii ni hesabu ya shule ya msingi. Lodwar iko karibu nyuzi 3.1 kaskazini na 35.6 mashariki. Marsabit iko karibu nyuzi 2.3 kaskazini na 38.0 mashariki. Pande zetu hizi za ikweta, nyuzi moja ni kama kilomita 111, iwe unaenda juu ama unaenda kando.

Tofauti ya mashariki na magharibi ni nyuzi 2.4, hiyo ni kama kilomita 266. Tofauti ya kaskazini na kusini ni nyuzi 0.8, hiyo ni kama kilomita 88. Sasa ile Pythagoras ulikuwa unauliza mwalimu itakusaidia wapi maishani, ndio hii imefika. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo. Unapata kilomita 280.

280 ni kitu gani? Nairobi hadi Kisumu, ukichora mstari ulionyooka, ni kama kilomita 265. Karibu sawa. Na Kisumu ndege zinaenda mara kadhaa kila siku, msee anatoka Nairobi asubuhi anakula samaki mchana anarudi kulala kwake. Hakuna mtu huita Kisumu mbali.

Sasa angalia njia ambayo msee wangu alipitia. Lodwar hadi Kitale ni kama 300. Kitale hadi Nakuru kupitia Eldoret, kama 225. Nakuru hadi Nyahururu 65. Hapo hadi Nanyuki karibu 95. Nanyuki hadi Isiolo 80. Isiolo hadi Marsabit kama 265. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,000. Yaani umeenda mara tatu na nusu ya umbali wenyewe, na nusu ya kwanza ya safari unazidi kuteremka kusini wakati mahali unaenda kuko mashariki.

Na ukisema utapanda ndege? Hakuna ndege ya ratiba ya Lodwar kwenda Marsabit moja kwa moja. Lodwar ina ndege za kwenda Nairobi, sawa. Lakini Lodwar hadi Nairobi ni kama kilomita 500 angani. Nairobi hadi Marsabit ni kama 420. Ata ukipata ndege zote mbili siku moja, umeruka kilomita 920 ndio ufike mahali pa kilomita 280. Na hiyo ya pili ukiikosa, ambayo ndio kawaida, unaingia basi ya Marsabit, zaidi ya kilomita 500 barabarani, unafika usiku.

NA DAKIKA JE?

Kuna vile vikokotoo vya umbali ukiweka majina ya miji miwili vinakupatia jibu chap chap. Ukiweka hii, vingine vitakwambia dakika ishirini na kitu. Hiyo ni uongo wa kistaarabu. Vinachukua kilomita, vinagawanya na mwendo wa jet kubwa ya kilomita 800 kwa saa, vinakupatia dakika 21. Shida ni kwamba hakuna jet kama hiyo inaenda kutua Marsabit.

Ndege ya kweli ya hizi sehemu ni zile ndogo za propela, kama Cessna Caravan. Injini moja, abiria kumi na kitu, inaweza kutua kwa murram, na ndio inabeba wagonjwa, wamishonari, chanjo, wanasiasa na miraa pande nyingi za kaskazini. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. 280 gawanya kwa 300, hiyo ni dakika 56. Ongeza kama dakika kumi za kupaa na kushuka. Saa moja na kidogo.

Lakini kuna kitu ramani haionyeshi, na watu wa ziwani wanakijua kuliko mtu yeyote. Upepo.

Kati ya milima ya Ethiopia na milima yetu ya huku kuna nafasi kama mlango, na upepo kutoka kusini mashariki unapita hapo ukiwa umebanwa. Ni kama kufinya mpira wa kumwagia maji, pale mwisho yanatoka kwa nguvu. Wanasayansi wanaujua na jina la Turkana jet. Unavuma karibu mwaka mzima, na usiku hadi asubuhi ndio unakuwa mkali zaidi.

Tuseme leo unavuma kilomita 40 kwa saa. Ukitoka Marsabit kwenda Lodwar unakusukuma mgongoni, kwa hivyo safari inashuka hadi kama dakika 50. Ukirudi unakupiga usoni, inapanda hadi kama dakika 65. Barabara ya angani ni ile ile, lakini kwenda na kurudi havilingani. Rubani lazima aweke mafuta ya kurudi, sio ya kwenda tu, na kila lita ya mafuta inakula nafasi ya abiria ama mzigo.

Kuna joto pia. Lodwar iko chini, kama mita 500 juu ya bahari, na mchana ni moto wa kuchoma. Hewa moto ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kushika vizuri, kwa hivyo ndege inahitaji kubeba kidogo ama kuondoka mapema. Upande wa pili, mji wa Marsabit uko mlimani, zaidi ya mita 1,300, na asubuhi mara nyingi umefunikwa na ukungu. Sasa pima hiyo. Huku unataka kuondoka asubuhi juu ya joto, kule unataka kutua mchana juu ya ukungu. Rubani mzuri anapata dirisha katikati, lakini ni dirisha dogo.

SIKU AMBAYO MLIMA ULICHUKUA VIONGOZI

Hii ya ukungu si stori ya kutisha watoto. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12 ilitoka Nairobi ikienda Marsabit. Ndani kulikuwa na viongozi waliokuwa wakienda mkutano wa amani, juu mwaka uliotangulia, Julai 2005, watu wengi waliuawa Turbi, wakiwemo watoto wa shule. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ikagonga mlima karibu na mji. Kati ya watu 17 waliokuwa ndani, 14 walikufa. Wabunge watano walienda siku moja: Bonaya Godana, Mirugi Kariuki, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura na Guracha Galgallo.

Fikiria hapo. Watu ambao wangepatanisha jamii walimalizwa na safari yenyewe. Wamarsabit wenye umri wanakumbuka hiyo siku venye watu wa Nairobi wanakumbuka 7 Agosti 1998.

Kwa hivyo sisemi ati mtu atafute ndege kuukuu airushe tu. Njia ya angani inataka kiwanja kizuri, taa, vipimo vya hali ya hewa, na mtu wa kumwambia rubani "leo usikuje." Hivyo vitu vinagharimu. Lakini havishindikani. Kisumu vipo. Malindi vipo.

UPEPO ULIPATA NJIA, STIMA PIA

Hapa ndipo inauma kidogo. Ule upepo nilisema unapiga ndege usoni, serikali na wawekezaji waliona unaweza kutengeneza chapaa. Huko Sarima, kusini mwa Loiyangalani, kukajengwa mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Rais Uhuru Kenyatta aliifungua rasmi Julai 2019. Ni mradi mkubwa, na sina shida nao.

Kuleta hiyo mitambo walihitaji barabara. Kwa hivyo barabara ya kama kilomita 208 kutoka Laisamis ikatengenezwa ndio malori yapite na yale mabawa marefu. Alafu wakahitaji njia ya stima. Ikajengwa laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Ilichelewa, mitambo ikakaa bila kazi, na Kenya ikalipishwa mabilioni juu ya hiyo kuchelewa.

Mnaona venye imechorwa? Stima ya Loiyangalani inaenda moja kwa moja hadi Suswa. Loiyangalani hadi Lodwar, ng'ambo tu ya ziwa, ni kama kilomita 130 kwa mstari. Caravan inafika kama nusu saa. Lakini binadamu wa Loiyangalani mwenye ndugu yake Lodwar hana njia ya kueleweka.

Ama avuke na boti. Na ziwa si mchezo. Upana wake ni kama kilomita 30 sehemu nyingi, lakini ule upepo ukiamka unainua mawimbi kama ya bahari, na mamba wako. Wavuvi wanajua masaa ya kwenda na masaa ya kukaa, na bado kuna boti zimezama na watu. Njia ya kuzunguka kusini inakupeleka South Horr na Baragoi, na mbele kuna Bonde la Suguta, ambako Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuata ng'ombe walioibwa. Hakuna basi inapita hapo ikiita abiria.

NANI ALICHORA HII RAMANI?

Watu wa kaskazini wakisafiri kuja Nairobi wana msemo: "Naenda Kenya." Watu wa huku wanacheka wakidhani ni utani. Si utani.

Mkoloni alifunga kaskazini makusudi. Ilikuwa wilaya ya kufungwa, huwezi kuingia ama kutoka bila kibali. Hakutaka kujenga kitu huko, alitaka tu iwe ukuta kati yake na Ethiopia na Somalia. Na ilikuwa mbali kiasi kwamba ilifaa kuwa jela. Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar 1959, alafu 1961 akapelekwa Maralal. Mkoloni hakuhitaji kuta ndefu sana Lodwar, umbali wenyewe ulikuwa askari.

Tukapata uhuru, na mtu angetarajia aliyefungwa huko akumbuke barabara. Lakini 1965 serikali ikatoa ile karatasi maarufu, Sessional Paper Nambari 10. Ilisema pesa ya maendeleo iwekwe mahali italeta faida ya haraka, yaani penye mvua, udongo mzuri, reli na watu tayari wa kufanya kazi. Kaskazini haikuwa na hivyo. Kwa hivyo haikupata, na juu haikupata, haikuwa na hivyo tena mwaka uliofuata. Hesabu ikaendelea hivyo kwa miongo.

Siwezi kusema hakuna kimebadilika, hiyo itakuwa uongo. Kabla lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike miaka kama kumi hivi iliyopita, watu walikuwa wanapanda juu ya lori la ng'ombe siku mbili, tatu, na kiuno kinafika kabla yako. Leo Isiolo hadi Marsabit ni masaa manne. Kitale kwenda Lodwar pia si ile ya zamani. Upande wa Wajir na Mandera kuna barabara kubwa inajengwa. Ugatuzi tangu 2013 umeleta pesa ambayo haikuwahi kufika.

Lakini angalia hizo barabara zote kwenye ramani. Kila moja ni kama kidole cha mkono, inashuka kusini kuungana na kiganja. Hakuna kidole kinagusa kidole kingine. Lodwar imeunganishwa na Nairobi, Marsabit imeunganishwa na Nairobi. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, una kipande cha kutoka Isiolo hadi Lokichar ambacho kingeunganisha hizi pande mbili za kaskazini. Ni kipande cha maana kuliko vyote kwa msee wangu. Lami yake bado tunaingoja.

Na kiwanja cha ndege cha Isiolo? Kilifunguliwa 2017, kizuri, kimekaa katikati kabisa ya nchi. Kingekuwa stage ya kaskazini yote: unatoka Lodwar unashuka Isiolo, unaingia ingine ya Marsabit ama Wajir. Safari za kawaida hazikushika kasi. Stage tukajengewa, mat hazikuja.

"LAKINI ABIRIA WAKO WAPI?"

Najua kuna msee anasoma hii akisema, buda, ndege ni biashara. Nani atarusha ndege Lodwar kwenda Marsabit na watu watatu ndani?

Ni swali la haki. Ndege haijui kama imebeba watu watatu ama kumi na wawili, mafuta ni yale yale, rubani ni yule yule. Ukigawanya gharama kwa watatu, tiketi inakuwa bei ya kununua ng'ombe kadhaa. Hakuna kampuni itaingia hapo kwa roho safi tu.

Lakini kuna mtego ndani ya hilo swali. Huwezi kuhesabu wanaotaka kuvuka mto kwa kuangalia wangapi wanaogelea. Hakuna abiria juu hakuna ndege. Turkana ilikuwa na watu 926,976 kwenye sensa ya 2019, Marsabit 459,785. Hao ni karibu watu milioni 1.4. Ndani yao kuna walimu, manesi, maafisa wa kaunti, wafanyabiashara wa mifugo na samaki, watu wa mashirika, wanafunzi. Sio wote watapanda ndege, lakini ndege ya siti kumi na mbili mara moja kwa wiki inahitaji watu kumi na wawili tu.

Na nchi zingine zenye kaskazini ngumu kuliko yetu zilijibu hili swali zamani. Kule Nunavut, kaskazini ya Canada, kuna vijiji na miji 25 na hakuna barabara hata moja inayounganisha mji mmoja na mwingine. Ndege ndio matatu yao. Norway inaweka tenda: kampuni inayokubali kurusha ndege kwenda miji midogo ya kaskazini inalipwa na serikali ile tofauti ambayo tiketi hazikufikisha. Marekani ilifanya hivyo tangu 1978, wakati iliachia kampuni za ndege ziende zinapotaka. Waliona mapema kwamba miji midogo itatupwa, wakaweka ruzuku ya kuilinda, na Alaska inaitegemea hadi sai.

Kitu hizo nchi zinakubaliana ni kwamba ndege ya mahali pa mbali inahesabiwa kama barabara. Hakuna mtu huuliza barabara ya kijijini ilileta faida ngapi mwaka huu.

SASA FORM NI GANI?

Sitaki kumaliza na "serikali ifanye kitu" alafu nilale. Kuna vitu viko mezani tayari.

Magavana wa kaskazini wako na baraza lao, Frontier Counties Development Council, na Turkana na Marsabit zote ziko ndani. Kila mwaka hizi kaunti zinalipia ndege na Landikruza za maafisa kuja mikutano Nairobi. Mara ingine afisa wa Lodwar na afisa wa Marsabit wanakutana Nairobi kuongea mambo ya ziwa ambalo linawatenganisha wao wawili. Marupurupu ya kulala, mafuta, tiketi. Hiyo pesa ikinunua siti sita za uhakika kila wiki kwenye ndege ya Lodwar na Marsabit, kampuni ina sababu ya kuja, na zile siti zingine sita zinabaki za mwananchi.

Pili, wagonjwa. Wa Turkana wakizidiwa wanapelekwa Eldoret, wa Marsabit wanashuka Meru ama Nairobi. Kaunti mbili jirani zingeweza kugawana daktari bingwa, mmoja wa mifupa huku, mmoja wa watoto kule, wakizunguka na hiyo ndege. Sai kila mmoja anatafuta wake, na wengi hawampati.

Tatu, viwanja. Loiyangalani, North Horr, kote kuna viwanja vya ndege. Vingine mbuzi ndio wanavitumia zaidi ya ndege. Uzio, kifaa cha kupima upepo, na mtu mmoja mwenye simu wa kuripoti hali ya hewa. Hiyo si pesa ya kujenga barabara ya juu.

Na 2027 haiko mbali. Wanasiasa watakuja huko na helikopta, na hizo hazijawahi kukosa njia. Zitatua Lodwar asubuhi na Marsabit mchana, siku moja, bila kupitia Nakuru. Msee akishuka hapo na kofia na mfuko wa unga, swali la kumuuliza ni moja: wewe umetumia dakika ngapi kutoka Lodwar? Na mimi nikifiwa nitatumia ngapi?

Msee wangu alirudi job wiki moja baadaye, masaa mengine thelathini na kitu. Nikamuuliza kama ataomba uhamisho arudi karibu na nyumbani. Akasema ameshaomba, lakini mzee wake bado yuko hai na sasa ana sukari, kwa hivyo usiku analala na simu karibu na kichwa. Ameandika kwa karatasi namba za madere wa kila mji, Lodwar, Kitale, Nakuru, Nanyuki, Isiolo, kwa mpangilio, ili siku ikifika asipoteze hata dakika moja.

Kilomita 280. Kama Nairobi na Kisumu.